Somo la Meno kwa Mwenye Chumo Dogo

Somo hili ni la meno. Huenda msomaji akastaajabu, kwani amezoea katika vijitabu vyetu hivi kusoma habari za sala na saumu na nikaha na mirathi, na meno kwake ni kazi ya hospitali. Walakini jambo hili lina milango mingi iingiayo katika fiqihi, na mlango mmoja waingia katika sala yenyewe, nami niliujua kwa kuumizwa, kama nitakavyoeleza. Tena nimeulizwa na watu wengi, wa hapa Iringa na wa huko pwani, masala moja tu kwa maneno mbali mbali: mtu ana jino bovu, na chumo lake ni la kutwa, akilitengeneza jino, nyumba haili. Je, afanye nini, na sheria yamwambia nini?

Mimi ni mtu wa pwani. Nilipanda Iringa kusomesha Kurani hali ya kuwa ndevu zangu nyeusi zote. Mji huu uko juu mlimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mto wa Ruaha Mdogo wapita chini yake. Miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa Tanga au Lindi alale na kanzu mbili. Dawa ya baridi hiyo ni chai, na chai yetu sisi watu wa pwani ni sukari kwanza, maji baadaye. Nilikuwa nikinywa vikombe saba au vinane tangu alfajiri hata isha, kila kikombe vijiko vitatu, na andazi au kashata juu yake. Wazee wa Kihehe niliokaa nao walinicheka. Nikasema moyoni, hawa hawajui utamu.

Basi jua, ewe ndugu yangu, jinsi jino linavyooza, kwani asiyejua sababu hulipa gharama mara mbili. Wengi wetu tulifunzwa na bibi zetu kwamba jino hutobolewa na mdudu. Mdudu wa namna hiyo hayupo. Viliopo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika ukoga ulioganda juu ya jino. Vijidudu hivi hula sukari tulayo, na baada ya kula hutoa maji makali kama ya ndimu, na ukali ule ndio uyeyushao ganda la jino kidogo kidogo. Kila mtu alapo kitu kitamu, ukali huo hukaa kinywani kwa muda wa kama nusu saa, kisha mate huusafisha na kulirudishia jino nguvu zake. Kwa hiyo mtu anywaye chai tamu mara moja pamoja na chakula chake, jino lake hupata nafasi ya kupumzika; na mtu anywaye kikombe kila saa, kama nilivyokuwa mimi, jino lake laoshwa kwa ukali mchana kutwa. Hesabu kubwa hapa ni ya mara ngapi, zaidi kuliko ya vijiko vingapi. Na haya hayamgharimu mtu hata senti, bali yampunguzia gharama ya sukari.

Siku moja nikaona kwenye kioo doa jeusi kati ya meno yangu mawili ya mbele ya juu. Nikaenda kwa tabibu wa meno, binti mmoja mwenye adabu. Akaniambia, "Shikamoo, mzee. Hili bado lazibika. Ukilizibisha mwezi huu utaokoa jino." Nikamwuliza kuziba ni kiasi gani na kung'oa ni kiasi gani. Akanitajia. Kuziba kulikuwa zaidi, nami wakati ule ada za wanafunzi zilikuwa hazijakamilika, na binti yangu alikuwa ahitaji viatu vya shule. Nikasema, "Mwanangu, nitarudi mwezi ujao, inshallah." Mwezi ukawa mwaka. Jino likaniuma, nikatia karafuu, likatulia; likauma tena, nikanunua vidonge katika duka la dawa, likatulia; mara ya tatu mdomo ukavimba, nikaenda likang'olewa. Na la pili lililopakana nalo likafuata kabla ya mwaka kwisha. Nikahesabu siku moja, kwa kalamu na karatasi, vidonge nilivyonunua na nauli na siku nilizokosa kazi na kung'oa mara mbili: jumla ilipita gharama ya kuziba yote mawili. Nikaona haya mbele ya nafsi yangu, kwani mimi ndiye nisomeshaye watoto hesabu za mirathi.

Lakini fedha haikuwa ndiyo hasara kubwa. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimekaa na wanafunzi wadogo, namsikiliza kijana mmoja wa miaka tisa. Alipofika penye neno "thumma" akasoma "summa". Nikamsahihisha: "Sema summa." Akasema, "Summa." Nikamkemea: "Si summa, sema summa!" Mtoto akanitazama kwa hofu, akasema tena kama nilivyosema. Hapo nikafahamu. Kosa lilikuwa langu, mtoto alikuwa mwaminifu.

Wasomaji waliosoma tajwidi wanajua haya, na asiyesoma na ajue: kila herufi ina mahali pake pa kutokea. Thee na dhali na dhwee hutokea kwa ncha ya ulimi na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Fee hutokea kwa mdomo wa chini na ncha za meno hayo hayo. Meno hayo yakiondoka, ulimi hauna pa kugusa, thee hugeuka sini, na dhali hugeuka zee. Wala si meno ya mbele peke yake, kwani dhwadi, herufi iliyo ngumu kuliko zote, yataka ubavu wa ulimi upande kwenye magego ya juu. Ama sura ya Fatiha, ambayo ni nguzo ya sala, haimo ndani yake thee, wala dhwee, wala fee. Lakini dhali imo, na dhwadi imo. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema ya kwamba mtu abadilishaye herufi ya Fatiha kwa herufi nyingine, hali ya kuwa hana uwezo wa kuitamka, sala yake mwenyewe ni sahihi, walakini haifai awe imamu wa mtu aisomaye sawasawa. Nami nilikuwa nikisalisha katika msikiti wetu mdogo. Nikajipima faraghani mara nyingi, nikijidanganya kwamba dhali yangu yasikika. Mwishowe nikamwita kijana mmoja mwenye masikio mazuri, nikamwambia, "Nisikilize, wala usinionee haya." Akanisikiliza akainama, akasema, "Maalim, ni zee." Nikarudi safu ya pili, na yeye akasalisha.

Nimeyaeleza haya ya nafsi yangu ili msomaji asidhani kwamba namhubiria maskini hali nimeshiba. Sasa nitasema niliyoyajua baadaye, ambayo lau ningaliyajua kabla, ningalikuwa na meno yangu.

La kwanza ni habari ya kuziba jino bila mashine. Watu wengi hudhani kuziba jino ni lazima kuwe na kiti cha umeme na ile keekee iliayo kama nyigu, na kwa hiyo ni jambo la matajiri wa mijini. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa kwetu Tanzania, tabibu mmoja Mholanzi, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi katika skuli ya meno ya Dar es Salaam, alianza njia ya kulisafisha tundu la jino kwa vyombo vya mkono tu, kama kijiko kidogo chenye makali, kuondoa sehemu iliyolainika, kisha kulijaza kwa dawa ishikamanayo na jino, iitwayo glasi ayonoma. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi, kwani sehemu iliyooza haina maumivu. Tena dawa ile hutoa floraidi kidogo kidogo ikalilinda jino. Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hii mwaka 1994, na leo yatumika katika nchi nyingi za dunia. Basi ni ajabu kwamba jambo lililozaliwa nyumbani kwetu, wengi wetu hatulijui, na bado katika zahanati zetu kazi kubwa ya meno ni kung'oa. Sababu moja ni sisi wenyewe: twaenda siku jino limekwisha kufa. Njia hii yafaa kwa tundu dogo ambalo halijafika kwenye mshipa wa jino. Tundu likifika mshipani, ndipo panapotakiwa matibabu ya ndani ya mzizi, na hayo ni ghali kweli kweli, ama kung'oa.

Kwa hiyo mwenye chumo dogo ndiye impasaye kwenda mapema kuliko tajiri. Tajiri aweza kuchelewa akalipa. Na dalili ya mapema ni hii: maji baridi au kitu kitamu kikikuchoma kidogo kisha kikaacha, wakati wako bado upo. Ikiwa maumivu yakaa muda mrefu, au yakuamsha usiku, umekwisha kuchelewa. Na umwulize tabibu kwa maneno haya hasa: "Je, jino hili lazibika kwa vyombo vya mkono?" Usiione haya kuuliza. Na ipo dawa nyingine ya maji, iliyochanganywa madini ya fedha na floraidi, hupakwa juu ya jino lililooza ikasimamisha kuoza. Aibu yake ni kwamba hulifanya jino kuwa jeusi, lakini kwa magego ya watoto na ya wazee nani atazamaye? Dawa hizo mbili, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi, Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2021 katika orodha ya dawa za lazima. Hazipatikani kila mahali, basi ziulizeni, kwani kitu kisichoulizwa hakiletwi.

La pili ni hatari ya vidonge. Jino lililooza hata mzizini ni kama nyumba yenye mzoga uvunguni. Vidonge vya kuua vijidudu hupunguza harufu, mzoga wabaki. Niliwaona wenzangu wa sokoni wanunuao vidonge vinne vinne, kwa kuwa fedha ya dozi nzima haipo, na kila mwezi hununua tena. Wengine hubandika aspirini kwenye ufizi, ikaunguza nyama. Karafuu yetu, sina ugomvi nayo, kwani hata madaktari huchanganya mafuta yake katika dawa za kuzibia kwa muda. Lakini kazi yake ni kutuliza tu, nayo ikishatuliza mtu hudhani amepona. Ama uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, au mtu akashindwa kufumbua kinywa au kumeza mate, au homa ikapanda, basi huyo aende hospitali usiku ule ule, hata kwa kukopa nauli, kwani usaha huo waweza kuziba njia ya pumzi. Matibabu katika madhehebu yetu asili yake ni suna, wala si wajibu. Lakini wapo wanavyuoni wetu waliosema huwa wajibu pale nafuu inapokuwa ya yakini na kuacha ni hatari. Uvimbe wa shingoni ni katika hayo.

Na hapa nitaje jambo la watoto, ijapokuwa si la mtu mzima, kwa kuwa ni fedha ya maskini iliwayo kwa dhuluma. Wapo waganga katika nchi yetu wawaambiao wazazi, mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, kwamba ana "meno ya plastiki", wengine huyaita ya nailoni, nao humchimba ufizi kwa chuma wakatoa kitu cheupe laini. Kitu kile ni chembe ya jino lake la chonge ambalo halijaota. Mtoto hupoteza damu, huingiwa na uchafu, na wako waliokufa. Na kuhara kwake, ambako kulitaka maji ya chumvi na sukari na vidonge vya zinki, kukaachwa vile vile. Baba alipaye ujira wa kazi hiyo amenunua madhara kwa mwanawe.

Tuje sasa kwenye fedha. Baada ya uhuru, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bila malipo. Kuanzia mwaka 1993 pakaingia utaratibu wa kuchangia gharama. Lakini pamoja na utaratibu huo pakawekwa misamaha: watoto walio chini ya miaka 5, wanawake wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Na asiye katika hao, naye hana kitu, aweza kuomba msamaha kwa barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji wake, akaipeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini. Nimewaona wazee wa miaka sabini wakiuza kuku ili kung'olewa jino, kwa kuwa hawakuuliza. Tena mikoani palikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioenea tangu mwaka 2018, ambao kaya ya watu wasiozidi 6 ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa kila mtu. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mambo haya hubadilika, basi nenda ofisi ya kata yako uulize yaliyopo leo, na uulize hasa juu ya meno: kung'oa kumo? kuziba kumo? Kwani mara nyingi mtu huwa na kadi mfukoni asijue yamlipia nini. Ama masala ya bima kwa sheria yetu ni mapana na wanavyuoni wamehitilafiana, wala hapa si mahali pake; mimi nilijiunga na mfuko wa jamii kwa kuona kwamba asili yake ni kusaidiana.

Ama kukopa kwa riba ili kutibu jino, nasema wazi: haifai. Na siku hizi imezuka mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo latosha. Mchukuzi mmoja wa soko kuu la hapa, mtu mwema, alikopa kwa mtu wa namna hiyo ili amng'olee mkewe gego. Hata aliposhindwa kurejesha baada ya wiki tatu, wakamchukulia godoro. Jino lilikwisha kung'oka, deni likaendelea kuota.

Badala yake sisi katika msikiti wetu tulifanya hivi. Tulikuwa watu kumi. Tulizoea upatu tangu kwetu pwani, kila mmoja atoa na mmoja apokea, tukaugeuza kidogo. Kila mtu alitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ikawa shilingi 50,000, wala hazikugawanywa, bali ziliwekwa kwa mweka hazina awe akimkopesha mgonjwa karadha njema, arejeshe kiasi kile kile bila nyongeza, kwa muda ajiwezao. Mwezi wa nne mmoja hakurejesha. Pakawa na maneno makali, na nusu ya watu wakataka kuvunja. Tulipomchunguza tukaona amefilisika kweli, mzigo wake wa viazi uliharibika njiani. Tukampa muda, kama sheria ituamuruvyo kwa mwenye dhiki. Mwingine naye hakurejesha hali anazo, na huyo tulimtoa. Sijui kama chama chetu kitadumu. Lakini kwa mwaka mmoja watu wanne walizibwa meno yao ambayo yangaling'olewa.

Suali: Je, yafaa zaka kumsaidia mtu gharama ya meno? Jawabu: Yafaa, ikiwa mtu huyo ni fakiri au maskini, ambaye chumo lake halitoshi haja zake, na dawa ni katika haja. Vile vile aliyekopa kwa jambo la halali akashindwa kulipa, yumo katika fungu la wenye madeni. Lakini angalieni: katika madhehebu yetu zaka hukabidhiwa mwenyewe ikawa mali yake, basi mtoaji asende kumlipa tabibu kwa kujifanyia, bali ampe mgonjwa mkononi, au mgonjwa amwakilishe. Wala asimwulize mbele ya watu. Mtu aliyepoteza meno huficha kinywa chake kwa mkono, usimlazimishe akifungue.

Suali: Mke akiumwa jino, ni nani alipaye? Masala hii ni nzito, nami sitaificha. Vitabu vyetu vya zamani vimesema kwamba ada ya tabibu na thamani ya dawa haimo katika nafaka iliyo wajibu ya mke, ijapokuwa imo katika nafaka ya mtoto mdogo asiye na mali na mzazi fukara. Wapo waume walioisikia hukumu hii, na ndiyo pekee waliyoihifadhi katika kitabu kizima. Mmoja alinijia akaisoma mbele yangu kwa Kiarabu, na mkewe yu mlangoni ameshika shavu. Nikamwambia: "Bwana wee, kitabu hicho hicho chakuwajibisha mtumishi kwa mke ambaye kwao alikuwa akitumikiwa. Je, huyo mtumishi umemleta?" Akanyamaza. Waliosema vile walizitazama desturi za zama zao, ambapo dawa ilikuwa jambo la nadra. Na katika wanavyuoni wa zama zetu wapo walioona kwamba leo matibabu ni kama chakula, ni haja ya kila siku, na yaingia katika kukaa na mke kwa wema. Nami naifuata kauli hiyo. Na hata ukishika kauli ya kwanza, meno ya mwanamke huyo ndiyo yaliyokutafunia shida za nyumba yako miaka yote.

Ama kinga, ambayo ni rahisi kuliko yote, dini yetu ilitutangulia. Siwaki ni suna iliyokokotezwa, wakati wa kutawadha na kusimama kusali na kuamka na kinywa kinapobadilika harufu, na hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza kiondoacho uchafu, kikiwa kijiti cha mti wa mswaki au brashi ya dukani. Tofauti ni katika ubora. Mtu wa pwani ana mti huo karibu naye; sisi huku milimani twauagiza, na mafungu yake huuzwa baada ya sala ya Ijumaa. Kijiti hiki kina faida, lakini sharti kikatwe ncha mara kwa mara, na kisuguliwe mpaka kwenye magego ya nyuma, ndani na nje. Watu wengi hukipitisha mbele tu huku wakizungumza, na nyuma ndiko kunakooza. Kisha, mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, tumia dawa ya mswaki yenye floraidi. Tazama pembeni mwa kasha, iwe na kiasi cha 1,000 hata 1,500 kwa milioni. Isiyo na hiyo, hata ikiwa na harufu ya mitishamba yote ya duniani, haizuii kuoza. Kiasi cha punje ya harage chamtosha mtu mzima, na mtoto mdogo kiasi cha punje ya mchele. Tema, wala usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki. Mkaa uliosagwa na mchanga niliokuwa nikiutumia utotoni hulikwangua ganda la jino, tuuache. Na tambuu yenye tumbaku, ndugu zangu, pamoja na kupaka meno rangi, huleta saratani ya kinywa. Gharama ya hiyo sitaki hata kuitaja.

Jambo dogo la floraidi: ikizidi huharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Zipo sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Singida ambako maji ya visima yana nyingi kupita kiasi, na meno ya watu hutoka na madoa ya kahawia tangu utoto. Hayo si uchafu wala si kosa lao, basi mtu asiwacheke. Na wenye kuishi huko waulize habari za maji yao kabla ya kumnunulia mtoto dawa ya mswaki.

Zimebaki masala za mafundi wa kuuliza. Jino lililozibwa halizuii udhu wala josho la janaba, kwani kusukutua katika madhehebu yetu ni suna katika yote mawili. Meno ya bandia vile vile, si lazima kuyavua. Jino la dhahabu lajuzu hata kwa mwanamume, kwa habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua akaweka ya fedha ikanuka, akaruhusiwa ya dhahabu. Lakini aliye na chumo dogo hana haja ya ruhusa hiyo. Mwenye kung'oa jino akiwa amefunga, saumu yake haivunjiki kwa kung'oa, bali yavunjika akimeza damu kwa kusudi. Na kwa kuwa kujilinda ni shida, angoje magharibi ikiwa maumivu yavumilika. Siwaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu kwa mfungaji katika kauli mashuhuri, na Imamu Nawawi amechagua kwamba si makuruhu.

Ama mimi, nilitengenezewa meno mawili ya bandia ya kuvua na kuvaa, yale ya bei ya chini, kwa karadha ya wale watu kumi. Juma la kwanza yalinifanya niseme kama mtu mwenye kokwa mdomoni. Usiku huyatia katika kikombe cha maji, na asubuhi huyapiga brashi kwa sabuni. Baada ya mwezi nikamwita yule kijana mwenye masikio mazuri, nikasoma Fatiha. Akasema, "Maalim, dhali imerudi." Lakini sikuirudia safu ya mbele, yeye asalisha vizuri kuliko mimi. Ama yule mtoto wa miaka tisa, alihama na wazazi wake kwenda Ipogoro kabla ya meno yangu kuja, na nimeambiwa kwamba huko huwasomesha wadogo zake jioni. Basi kila Alhamisi baada ya alasiri nashuka Ipogoro kwa miguu, nakaa naye barazani kwao, na tunasema "thumma".